Mkataba upi, Mheshimiwa?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani hapa Changamwe, nashona sare za shule na madera. Mume wangu anauza mitumba Kongowea, na binti yetu ameajiriwa katika kiwanda cha nguo cha EPZ, yale maeneo ya viwanda vya kuuza nje, kinachouza Marekani. Juzi alikuja mgombea ubunge uwanjani kwetu, akasema akichaguliwa atapinga mikataba yote ya biashara huria kwa kuwa ndiyo iliyoua viwanda vya Pwani. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Nilipofika nyumbani binti yangu akaniuliza, "Mama, unajua ulichopigia makofi?" Nikakosa jibu. Je, asemayo ni kweli? Nimpe kura au nimwache?

JIBU: Dada yangu, la kura nakuachia mwenyewe. La binti yako nitalijibu, kwa sababu ameuliza jambo ambalo wagombea wetu hawaulizwi.

Mko watatu, na nyote mnakula kwa nguo. Wewe unashona, mumeo anauza zilizokwisha kuvaliwa, binti anashona za kuvaliwa ng'ambo. Nimeketi nikatafuta ni mkataba upi wa biashara huria unaobeba riziki ya yeyote kati yenu. Sikuupata. Hapo ndipo maneno ya Mheshimiwa yanapoanza kunitatiza: anaahidi kupigana na kitu ambacho nyumbani kwako hakipo, na vile vilivyopo hakuvitaja.

Tuanze na wewe. Madera na sare zinazokunyang'anya wateja nyingi zinatoka China. Kenya haijasaini na China mkataba wa kuziingiza nguo zao bila ushuru. Zikishushwa Kilindini zinadaiwa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa nguo mpya ushuru huo ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mnamo Julai 2022. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16, kuna ada ya tamko la uagizaji, kuna tozo ya reli. Kama baada ya hayo yote dera la dukani bado ni rahisi kuliko lako, sababu iko kwingine. Wao wanafuma kitambaa chao wenyewe, wanashona kwa maelfu, na wapo waagizaji wanaopunguza thamani ya mzigo kwenye karatasi. Nilikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini kwa miaka mingi kabla sijaingia kwenye ushauri, na nimewahi kushika ankara inayodai gauni zima linagharimu pungufu ya vifungo vyake. Mzigo ule ulipita. Ugonjwa huo hautibiwi kwa kupinga mkataba. Unatibiwa na afisa wa forodha anayefungua kontena na kumhoji mwenye mali.

Na kuna jambo mafundi hulisahau. Kitambaa chako cha dera nacho kimepita bandari hiyo hiyo. Mheshimiwa akisema ataka ushuru wa "nguo za nje" upande zaidi, muulize kama na vitambaa vimo. La sivyo utajikuta umefungiwa nje wewe pamoja na mshindani wako.

Sasa mumeo. Mitumba nayo haiingii bure; hutozwa kwa uzani wa kilo au kwa asilimia, lolote litakalozidi. Lakini kisa chake ni kirefu kuliko ushuru, na nataka ukisikie chote kwa kuwa kinamgusa binti yako pia.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vya nguo vya kwetu vipate kupumua. Ni jambo ambalo mgombea wako angelishangilia. Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa Marekani wanaouza nguo kuukuu kikapeleka malalamiko kwa serikali yao: kama nchi hizi hazitaki mitumba yetu, mbona nguo zao zinaingia kwetu bila ushuru kwa mpango wa AGOA? Kenya ilirudi nyuma upesi. Tanzania na Uganda zikalegea baadaye. Rwanda ikashikilia lake, na mwishoni mwa Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya nguo.

Umeona hapo? Robota la mumeo pale Kongowea na cherehani ya binti yako kiwandani zimefungwa kamba moja, na ncha ya kamba iko Washington. Serikali ilipolazimika kuchagua kati ya kuua mitumba na kuhatarisha ajira za EPZ, ilichagua kuziacha zote mbili zilivyo, na aliyebaki na mzigo ni wewe unayeshona kwa soko la hapa. Hakuna aliyekujia kukuomba rai.

Watu huiita AGOA mkataba. Si mkataba. Ni sheria ya Marekani, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton Mei 2000, inayoruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika zilizochaguliwa kuingia kwao bila ushuru. Kenya haikuweka saini popote. Anayetoa ndiye anayenyang'anya, kama Rwanda ilivyoonja. Utamu wake kwa viwanda vya Changamwe, Mikindani na Jomvu ni kwamba iliruhusu kitambaa kitoke popote, hata Asia, mradi nguo imeshonwa hapa. Muda wake ulifika ukingoni tarehe 30 Septemba 2025, na kila linalofanywa kuirefusha linafanywa na wabunge ambao hakuna hata mmoja wao anayekuja kuomba kura Changamwe. Miezi michache kabla ya hapo, Aprili 2025, Rais Trump alikuwa ameshazitwika bidhaa za Kenya ushuru wa asilimia 10.

Ajabu ni kwamba kitu ambacho kingempa binti yako uhakika ni mkataba wa biashara huria hasa, wenye saini mbili, ambao upande mmoja hauwezi kuukunja usiku na kuondoka nao. Mazungumzo ya mkataba wa namna hiyo kati ya Kenya na Marekani yalifunguliwa Julai 2020, wakati wa Uhuru Kenyatta na Trump. Serikali ya Biden ikaja, na Julai 2022 ikaanzisha mazungumzo ya aina nyingine ambayo viwango vya ushuru havikuguswa. Sisemi mkataba ule ungekuwa mzuri. Wamarekani wangedai mlango wa ngano na mahindi yao, na wakulima wa Trans Nzoia wangekuwa na neno, tena neno zito. Nasema tu kwamba mtu anayepinga "yote" anapinga na huo pia, na binti yako ana haki ya kujua.

Huko Marekani kwenyewe wagombea wana mambo yao. Februari 2008, katika mdahalo uliofanyika Cleveland, Barack Obama na Hillary Clinton wote wawili walisema wangetishia kujitoa katika NAFTA, mkataba wa Marekani, Canada na Mexico, ili ujadiliwe upya. Ohio ilikuwa imepoteza viwanda vingi na kura zake zilitafutwa kwa udi na uvumba. Obama akashinda urais. NAFTA ikakaa palepale kwa miaka yake yote 8, na Oktoba 2011 akatia saini mikataba mipya na Korea Kusini, Colombia na Panama. Trump naye aliahidi mwaka 2016 kuipangua mikataba, na kwa kiasi akafanya: siku tatu tu baada ya kuapishwa Januari 2017 aliitoa nchi yake katika mkataba wa nchi za Pasifiki, na NAFTA ikabadilishwa kwa mkataba mwingine kuanzia Julai 2020. Wawili walisimama mbele ya watu wakasema mikataba ni mibaya. Mmoja alimaanisha.

Turudi kwa Mheshimiwa wako na hoja ya viwanda vya Pwani. Hii inaniuma, maana nimekua nikiviona. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kule Kwale, kilifungwa 1988. Kile cha korosho cha Kilifi kilibinafsishwa na kufa katika miaka ya 1990. Sasa linganisha tarehe. Eneo la biashara huria la COMESA, soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, lilianza Oktoba 2000. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005. Eneo la biashara huria la bara zima, lile liitwalo AfCFTA, lilisainiwa Kigali Machi 2018. Maiti ilikuwa imeshazikwa ndipo mshukiwa akazaliwa.

Hata hivyo sitaki kumdhulumu. Kuna kitu cha kweli alichokikaribia bila kukigusa. Mapema katika miaka ya 1990 Kenya ilifungua milango ya bidhaa za nje kwa haraka, kwa masharti ya wakopeshaji, na hapo ndipo mitumba ilipomiminika na viwanda vingi vya nguo na vya kuchambua pamba vikazima taa. Ufunguzi ule haukuwa na mkataba wa biashara. Hatukupewa kitu na nchi yoyote kwa kufungua kwetu: tulifungua tu. Mkataba, pamoja na ubaya wake wote, angalau una kurasa. Unaweza kushika ukurasa ukauliza neno hili lina maana gani. Lililokuumiza wewe lilipita bila karatasi.

Basi Kenya imo katika mikataba ipi? Jumuiya ya Afrika Mashariki, COMESA, na AfCFTA ambayo Kenya na Ghana zilikuwa za kwanza kuiridhia, Mei 2018. Uingereza tulisaini nayo Desemba 2020 ilipokuwa inatoka Umoja wa Ulaya. Na Umoja wa Ulaya wenyewe tulisaini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, ukaanza kazi Julai mosi 2024. Falme za Kiarabu tulisaini nazo Januari 2025.

Huo wa Ulaya ndio uliozua ugomvi zaidi, na hapo anayepinga anaweza kusimama kwa heshima. Mwaka 2016 ulipokuwa unajadiliwa na Jumuiya yote, Tanzania ilikataa kusaini. Marehemu Rais Magufuli na marehemu Rais mstaafu Mkapa walikuwa na hoja: viwanda vichanga vya kwetu vitashindanaje na vya Ujerumani? Ila Tanzania ilikuwa na mto wa kulalia ambao Kenya haina. Kwa kuwa imo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni, bidhaa zake huingia Ulaya bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Kenya haimo katika orodha hiyo. Tulionja 2014: mkataba ulipochelewa, kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi maua yetu yalitozwa ushuru kuingia Ulaya, na wenye mashamba Naivasha walipiga kelele zilizosikika mpaka huku. Kwa hiyo Mkenya akikuambia "tufanye kama Tanzania", muulize maua, maharagwe machanga na parachichi zitakwenda wapi siku ya pili. Akiwa na jibu, msikilize. Katika mkataba wenyewe Ulaya ilifungua mlango wake mara moja, sisi tukapewa hadi miaka 25 kufungua wetu kidogo kidogo, na bidhaa nyeti tukaziacha nje. Kwangu mimi hayo ni makubaliano ya kuishi nayo. Mwingine ataona miaka 25 ni michache kama hatuna mpango wa viwanda wa kuijaza, na hapo sitabishana naye sana. Tazama sukari: Kenya ilipewa kinga dhidi ya sukari ya COMESA tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili vile viwanda vya magharibi virekebishwe, kinga ikaongezwa muda, ikaongezwa tena na tena, na viwanda vikabaki wagonjwa vilevile.

Isitoshe, ushuru sifuri peke yake haufungui mlango. Waulize wenye miembe wa Kilifi na Malindi. Maembe yetu yalikuwa na nafasi ya kuingia Ulaya bila ushuru miaka yote, lakini 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuyapeleka kwa sababu ya nzi wa matunda, na hayakurudi huko mpaka 2021. Nzi mdogo, miaka 7. Au nenda Lunga Lunga utazame machungwa na vitunguu kutoka Tanzania vikivuka kuja Kongowea. Ushuru hakuna. Lakini Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, barua moja ilitosha kusimamisha malori. Mchuuzi mdogo anayevuka na mali isiyozidi dola 2,000 ana cheti chepesi cha asili ya bidhaa anachostahili kupewa palepale mpakani, na bado wengi hupita njia za panya kwa kutojua. Mgombea atakayeniambia atahakikisha wanawake wa Lunga Lunga wanakijua cheti kile, huyo nitampigia makofi mimi mwenyewe.

Sasa nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote, nao uko kwenye sahani yako. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mchele wa kutoka nje ya Jumuiya ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, lolote litakalozidi. Ni ukuta wa kweli. Kenya haiutozi. Tangu umoja wa forodha uanze, imekuwa ikiomba ruhusa Arusha, makao makuu ya Jumuiya, nayo hupewa, ya kutoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani. Kwa nini? Kwa sababu ya chai. Pakistan ndiye mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, na chai hiyo huuzwa katika mnada wa hapa hapa Mombasa, ambako chai ya Uganda, Rwanda na majirani wengine huuzwa pia. Pakistan nayo ina mchele. Tuukandamize mchele wao, nao wataikumbuka chai yetu. Hakuna mkataba wa biashara huria kati ya nchi hizi mbili. Kuna kuelewana tu, kunakohuishwa kwa tangazo katika gazeti rasmi la Jumuiya.

Tazama walioguswa na tangazo hilo. Mkulima wa Kericho na wa Murang'a anashukuru. Madalali wa mnada, wenye mabohari ya chai Changamwe na Miritini, makuli, madereva wa matrela, wote wanashukuru. Wewe unayepika pilau ya Ijumaa kwa mchele wa Pakistan unashukuru bila kujua. Mkulima wa Mwea hashukuru hata kidogo, wala yule wa delta ya Tana, na Mtanzania aliyelima mpunga wake Mbeya akitarajia soko la Jumuiya analia kwamba tumempa mgeni nafasi yake. Mgombea wa Mombasa asiyejua kisa cha mchele na chai hajaanza kuielewa biashara ya mji anaouombea kura. Mgombea wa Mwea anayekipinga ana sababu zake, na zote mbili ni siasa halali. Ninachokataa ni kusimama Changamwe ukazungumza maneno ya Mwea, au kuzungumza maneno yasiyo ya mahali popote.

Na je, akichaguliwa ataweza? Jedwali la Nne la Katiba limeiachia serikali ya taifa biashara ya kimataifa. Kaunti ina masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika. Kwa hiyo gavana au mwakilishi wadi akikuahidi mambo ya mikataba, mkumbushe paa la soko. Mbunge ana mkono, ila si mrefu. Mazungumzo hufanywa na Waziri. Baraza la Mawaziri hukubali. Kisha kwa Sheria ya Kutunga na Kuridhia Mikataba ya 2012 waraka hupelekwa Bunge la Kitaifa na wananchi hutakiwa kusikizwa. Ukisharidhiwa, Ibara ya 2 ya Katiba inaufanya kuwa sehemu ya sheria za Kenya. Kuutoka ni safari. AfCFTA, kwa mfano, hairuhusu nchi kujitoa kabla ya miaka 5, na baada ya kutoa notisi unangoja miaka 2. Mbunge mmoja hawezi kuyafanya hayo kwa muhula mmoja hata akilala mlangoni mwa Spika.

Lakini kuna mahali anapoweza kuuma. Moja ni kule kusikizwa kwa wananchi. Wakulima wadogo waliishtaki serikali 2007 kwa kuwaacha nje ya mazungumzo ya mkataba wa Ulaya, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamuru utaratibu wa kuwashirikisha uwekwe. Mbunge anaweza kudai kikao hicho kiletwe Changamwe, na kwa Kiswahili.

Pengine pakubwa zaidi ni Mswada wa Fedha wa kila mwaka. Zile ada mbili nilizokutajia hapo juu hazitoki Arusha wala Brussels. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli 1.5. Desemba 2024 tozo ya reli ikapandishwa hadi 2. Ni kura ya wabunge wetu. Robota la mumeo likapanda bei, roli la kitambaa chako likapanda bei, na hakuna mgeni wa kumlaumu. Sijamsikia mgombea akiitaja tozo hiyo uwanjani, labda kwa sababu wengine wao waliipigia kura.

Na kuna mambo ya biashara yaliyoutikisa mji huu ambayo hayakuwa na mkataba wala mswada. Mwaka 2019 ilitoka amri kwamba mizigo ipandishwe reli ya SGR ikatolewe Nairobi. Nilishuhudia ofisi za mawakala zikifungwa moja baada ya nyingine, malori yakilala Miritini, vibanda vya mama ntilie vya barabarani vikikosa wateja, na watu wakiandamana kila Jumatatu. Katika kampeni za 2022 William Ruto aliahidi kuirudisha kazi ile Mombasa, na siku aliyoapishwa, Septemba 13, akatangaza kuirudisha. Uwe unampenda au humpendi, ile ilikuwa ahadi yenye mzigo, yenye mahali na yenye tarehe. Ungeweza kwenda bandarini ukaona kama imetimia.

Sasa, kwa nini huyu wako hakusema hivyo? Nadhani najua. Kutaja bidhaa kunagharimu. Tarehe 6 Juni 2022, akizindua manifesto yake Nyayo, marehemu Raila Odinga alisema nguo tunazovaa ni za watu waliokufa huko ng'ambo, akieleza alivyotaka kufufua viwanda vya nguo. Wauza mitumba wakashtuka, wapinzani wakalidaka neno, na kesho yake ikabidi afafanue kwamba hatapiga mitumba marufuku. Wagombea wote walijifunza hapo. Mitumba ina wapiga kura. Mchele una wapiga kura. "Mikataba" haina mpiga kura hata mmoja, basi unaweza kuitukana jua likazama na usipoteze kitu.

Kwa hiyo atakaporudi, na kabla ya Agosti 2027 atarudi mara nyingi, usimuulize msimamo wake kuhusu biashara huria. Atakupa msimamo, anao mwingi. Mshike kwenye bidhaa moja. Mwambie, "Mheshimiwa, mimi nashona madera. Kitambaa changu kipande ushuru au kishuke?" Halafu unyamaze. Akianza na ukoloni mamboleo, mrudishe kwenye kitambaa. Akikwambia kishuke, muulize atapeleka wapi maneno hayo, maana ushuru huo huamuliwa na mawaziri wa Jumuiya kabla ya Julai ya kila mwaka, na Kenya huweza kuomba nafuu ya mwaka mmoja kama ile ya mchele. Kama analijua hilo, hata akiwa anapinga mikataba yote, umepata mtu wa kufanya naye kazi. Akisema "tutaangalia", umeshajua.

La mwisho ni la binti yako. Mwambie kesho kazini atazame lebo wanazoshonea na bei zilizochapwa juu yake, kama ni za dola au za yuro. Ikiwa ni dola tupu, kiwanda chote kinategemea mlango mmoja, na amuulize msimamizi wake kama kuna oda zozote za Ulaya zinazojaribiwa, kwa kuwa mlango huo uko wazi kwa mkataba tangu Julai 2024. Atakachojibiwa anipe habari. Nitakijibu hapa hapa.